Kumwajiri Profesa Mwandamizi wa Jiolojia ya Petroli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wakuu wa idara, wajumbe wa kamati za uajiri na maofisa utumishi wa vyuo vikuu wanaotafuta mtu wa kushika nafasi ya uprofesa mwandamizi katika jiolojia ya petroli. Waombaji nao watapata humu ya kuwafaa. Majibu yametokana na miaka mingi ya kukaa kwenye majopo ya usaili, na msimamo unaoyaongoza ni mmoja: mtu wa nafasi hii apimwe kwanza kwa namna anavyousoma mwamba na anavyomfundisha mwingine kuusoma, na mengine yote yafuate baada ya hapo.

Je, nafasi hii inatofautianaje na uprofesa wa uhandisi wa petroli?

Tunaanza na swali hili kwa sababu matangazo mengi huchanganya fani hizi mbili, na matokeo yake ni rundo la maombi ya watu wasiohitajika. Mhandisi wa petroli hushughulika na uchimbaji wa kisima, usalama wake na namna ya kuyatoa mafuta au gesi ambayo mahali yalipo pamekwisha kujulikana. Mwanajiolojia wa petroli hujibu swali la kabla ya hapo: kwa nini mafuta yawe hapa na si pale, na tutajuaje kabla ya kuchimba?

Ili kulijibu, anapaswa kueleza mfumo mzima. Lazima pawe na mwamba chanzo wenye mabaki ya viumbe, uliofukiwa kwa kina cha kutosha kufikia joto la takribani nyuzi 60 hadi 120 za Selsiasi, ambamo mabaki hayo hugeuka kuwa mafuta. Lazima pawe na mwamba hifadhi wenye vinyweleo vya kuyabeba, mwamba funiko wa kuyazuia yasipande hadi juu, na mtego wa kuyakusanya. Zaidi ya hayo, mtego uwe umekwisha kujengeka wakati mafuta yanapopita, kwa kuwa uliochelewa hata miaka milioni chache hauna cha kunasa. Edwin Drake alipopata mafuta kwenye kina cha mita 21 hivi huko Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, alichimba mahali ambapo mafuta yalikuwa yakijitokeza yenyewe juu ya ardhi. Elimu ya kuyatafuta yasiyoonekana ilijengwa baadaye, kidogo kidogo, na profesa mnayemtafuta ndiye atakayeibeba elimu hiyo katika chuo chenu: atafundisha, atasimamia tasnifu za uzamivu, ataongoza utafiti na atawalea wahadhiri vijana. Hilo la mwisho husahauliwa mno kwenye matangazo, ilhali ndilo linalotofautisha profesa mwandamizi na mtafiti hodari.

Kwa nini tuajiri profesa wa petroli wakati dunia inazungumzia kuachana na mafuta?

Swali hili litaulizwa na Seneti, litaulizwa na wanafunzi na wazazi wao, na kamati haipaswi kulikwepa wala kulijibu kwa maneno ya kubembeleza.

Jibu la kwanza ni kwamba elimu hii haiishii kwenye mafuta. Tangu mwaka 1996, kwenye eneo la Sleipner katika Bahari ya Kaskazini, hewa ya kaboni dayoksaidi inayotenganishwa na gesi asilia imekuwa ikirudishwa chini ya sakafu ya bahari na kuhifadhiwa ndani ya mwamba wa mchanga uitwao Utsira, kwa kiwango ambacho kwa miaka mingi kilikaribia tani milioni moja kwa mwaka. Watu waliochagua mwamba ule, waliothibitisha kwamba juu yake kuna funiko la tope gumu lisilopitisha, na wanaofuatilia kwa mawimbi ya mitetemo, yanayotumwa chini na kupokelewa yakirudi, jinsi hewa hiyo inavyosambaa, wanatumia elimu ileile ya mwamba hifadhi, mwamba funiko na mtego. Kina cha zaidi ya mita 800 hivi, kinachopendelewa kwa kazi hiyo kwa sababu shinikizo la huko huifanya hewa hiyo iwe nzito na kuchukua nafasi ndogo, kilikuwa kimekwisha kuzoewa na wachimbaji wa petroli. Ndivyo ilivyo pia kwa jotoardhi, na kwa uhifadhi wa haidrojeni kwenye matabaka ya chumvi.

Jibu la pili linahusu bei. Pipa la mafuta lililouzwa kwa zaidi ya dola 100 za Marekani katikati ya mwaka 2014 lilishuka chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, na tarehe 20 Aprili 2020 bei ya mkataba wa kununua mafuta ya Marekani ya kupokelewa mwezi uliofuata ilishuka hata chini ya sifuri. Bei ikianguka, wanafunzi hukimbia na nafasi hufungwa. Ikipanda, kila chuo kinatafuta profesa kwa wakati mmoja. Idara inayoajiri kwa kufuata bei itachelewa siku zote, kwa kuwa kumwandaa mtaalamu mmoja wa uzamivu huchukua miaka, na bei haimsubiri.

Kwa hiyo tunashauri nafasi itangazwe kwa jina lake halisi, na maelezo ya kazi yataje waziwazi uhifadhi wa kaboni na jotoardhi iwapo idara inavihitaji kweli. Kuipamba kwa jina la nishati endelevu huku majukumu yote yakiwa ya utafutaji wa mafuta ni kumdanganya mwombaji na mwanafunzi kwa pamoja.

Tangazo la kazi liseme nini?

Liseme kile ambacho profesa atakifanya katika mwaka wake wa kwanza: kozi atakazofundisha, idadi ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu atakaowapokea, maabara atakayoiongoza. Litaje tawi la fani linalohitajika, kwa maana mtaalamu wa jiokemia ya mafuta (kemia ya mafuta na miamba yake), msomaji wa data za mitetemo na mtaalamu wa miamba ya chokaa ni watu watatu tofauti, na mwenye umahiri wa kweli katika yote matatu ni adimu. Kamati isiyoweza kukubaliana juu ya tawi haijawa tayari kutangaza. Heri ikae mwezi mmoja zaidi.

Sifa za lazima ziwe chache. Kila sharti linaloongezwa humwondoa mtu, na mara nyingi anayeondoka ni mkweli ambaye hakutaka kuomba kazi asiyoikidhi kwa asilimia mia.

Je, tumkubali mwombaji aliyetumia maisha yake kwenye kampuni za mafuta na mwenye machapisho machache?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na kamati nyingi hulijibu haraka mno, ama kwa kumkataa moja kwa moja, ama kwa kumpokea kama mkombozi.

Mwanajiolojia wa kampuni anaweza kuwa amesoma maelfu ya kilomita za data za mitetemo na kupendekeza visima kadhaa, huku kazi yake bora ikiwa imefungiwa kwenye kabati la mwajiri kwa mkataba wa siri. Uchache wa machapisho yake si ushahidi wa uchache wa fikra. Hata hivyo, kuna ambao wametumia miaka 20 wakitoa maamuzi mazuri bila kulazimika kueleza kwa maandishi walivyoyafikia, na hao huteseka chuoni, na wanafunzi wao huteseka pamoja nao.

Njia tunayoiamini ni kumwomba asimulie kisima kilichotoka kikavu, yaani kilichochimbwa bila kupata mafuta wala gesi ya kutosha. Mafanikio kila mtu anayo ya kusimulia, na mengi yalikuwa ya timu. Kisima kikavu humlazimisha mtu aeleze alichokiamini kabla ya kuchimba, kilichokosekana, na alichobadilisha katika fikra zake baadaye. Kama siri za mkataba zinamzuia, azungumzie kisima kinachojulikana na wote. Kisima cha Mukluk, kilichochimbwa mwaka 1983 katika bahari ya kaskazini mwa Alaska, kinafaa sana: mtego ulikuwa mkubwa mno, matumaini yalikuwa makubwa kupita kiasi, fedha zilizotumika pamoja na malipo ya vitalu (maeneo yanayokodishwa kwa kutafutia mafuta) zilivuka dola bilioni moja, na kilichokutwa ni dalili kwamba mafuta yalikuwapo hapo zamani kisha yakaondoka. Mwombaji mzuri atasimama kwenye swali la funiko na la wakati, atachora ubaoni, na atakiri panapobaki mashaka. Mwombaji wa kutilia shaka atazungumzia usimamizi wa mradi.

Mwulizeni pia tofauti kati ya akiba na rasilimali kwa maana ya kitaalamu. Akiba ni kile kilichokwisha kugunduliwa na kinachoweza kutolewa kwa faida chini ya mradi uliothibitishwa; rasilimali tarajiwa bado ni makisio ya kisichogunduliwa. Aliyetoka viwandani ataieleza bila kusita, kwani wanasiasa na magazeti humchanganyia maneno hayo kila siku. Anayeyachanganya yeye mwenyewe hafai kuwafundisha wengine.

Machapisho yapimwe vipi?

Kwa kuyasoma. Kipimo cha h, kinachohesabu machapisho ya mtu na mara yanavyonukuliwa na wengine, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, hutoa tarakimu moja ambayo hupanda kwa umri wa mtu kazini na kwa ukubwa wa vikundi alivyomo, wala hakisemi ni nani aliyepanda mlima kuchukua sampuli. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililoanzia kwenye mkutano wa mwaka 2012, linasihi taasisi ziache kutumia vipimo vya majarida kama mbadala wa ubora wa makala yenyewe. Mwombeni kila mwombaji achague machapisho matano na aeleze kwa aya moja moja mchango wake binafsi, kisha mjumbe wa jopo mwenye fani hiyo ayasome yote matano kabla ya usaili. Ni kazi ya wiki moja kwa uamuzi wa miaka 15.

Siku ya usaili ipangwe vipi?

Muhadhara wa wazi wa dakika 45 ni wa kawaida na uendelee kuwapo, lakini hautoshi, kwa sababu muhadhara mzuri unaweza kutayarishwa kwa mwezi mzima na kutolewa mara kumi kwingineko. Tunashauri iongezwe saa moja kwenye meza ya sampuli, pamoja na wanafunzi watatu au wanne wa mwaka wa pili au wa tatu.

Tueleze tulichokiona katika saa moja ya namna hiyo. Mezani palikuwa na sanduku la vipande vya mwamba wa mchanga vilivyotolewa kisimani, vyenye umbo la mche duara na vilivyopasuliwa kwa urefu, vikavu na vyenye vumbi. Mwombaji mmoja alisimama mbali navyo akazungumza vizuri kwa dakika 20 kuhusu mazingira ya delta. Aliyemfuata aliomba chupa ya kunyunyizia maji. Alilowesha kipande cha juu, na matabaka ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona yakajitokeza, meusi juu ya rangi ya kahawia. Akampa mwanafunzi aliyekuwa karibu lenzi ya mkononi, akamwuliza, “Unaona nini?” na akanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mrefu hadi mjumbe mmoja wa jopo akakohoa. Mwanafunzi hatimaye akasema anaona mistari myembamba ya tope, na kwamba inakwenda miwili miwili. Mwombaji hakumwambia kwamba amepatia. Alimwuliza ni kitu gani baharini kinachokuja mara mbili na kutulia mara mbili. Binti yule alipotamka maji kupwa na maji kujaa, mwenzake alikuwa amekwisha kuinama kuhesabu mistari kwenye kipande cha chini. Ndipo mwombaji alipoongeza jambo lililowahusu wahandisi: kwamba vifuniko vile vyembamba vya tope, visivyozidi unene wa kucha, vinaweza kuzuia mafuta yasipande wima ndani ya mwamba hifadhi, na kwamba mfano wa kompyuta usiovijumuisha utatabiri uzalishaji ambao hautatokea.

Huyo wa pili alikuwa na machapisho machache kuliko wa kwanza. Jopo lilimchagua bila mabishano, na wanafunzi wale waliohudhuria waliomba wenyewe awasimamie miradi yao.

Chuo kisicho na sampuli za kisima kinaweza kutumia data za eneo la mafuta la Volve katika Bahari ya Kaskazini, zilizotolewa wazi mwaka 2018 kwa ajili ya masomo na utafiti baada ya uzalishaji wake kufikia mwisho. Zina kumbukumbu za visima na data za mitetemo za kumtosha mwombaji yeyote kuonyesha anavyofikiri. Wapewe waombaji wote data zilezile na muda uleule.

Barua za wadhamini zina uzito gani?

Mdogo kuliko zinavyopewa. Karibu kila barua husifu. Yenye thamani ni ile inayotaja tukio: tasnifu iliyokuwa imekwama akaikwamua, mgogoro wa maabara akautuliza, kosa lake mwenyewe akalitangaza na kulirekebisha jaridani. Kwa ridhaa ya mwombaji, ongeeni pia na mtu mmoja au wawili waliosimamiwa naye tasnifu zao. Wao ndio wanaojua kama alisoma sura zao za tasnifu au alizisaini tu.

Je, fedha za kampuni za mafuta zinaweza kulipia nafasi hii?

Zinaweza, na katika fani hii ni jambo la kawaida, lakini masharti yaandikwe kabla jina la mwombaji yeyote halijajulikana. Mfadhili asiwe na kura kwenye jopo. Asiwe na haki ya kuzuia chapisho. Anachoweza kupewa ni muda mfupi, uliotajwa kwa siku, wa kukagua kama data zake za siri zimefichuliwa. Mwanafunzi wa uzamivu asipewe mada ambayo matokeo yake hayawezi kutetewa hadharani. Na chuo kiwe na fungu lake la kuendelea kulipa mshahara iwapo ufadhili utakatika, kwa sababu utakatika katika mwaka uleule ambao bei inaanguka, yaani mwaka ambao hakuna mfadhili mwingine atakayepatikana.

Mwombaji naye atangaze hisa, ushauri wa kulipwa na vitalu anavyovitumikia. Kutangaza si kukiri kosa, na jopo lisimtazame hivyo. Kosa ni kuficha, maana profesa huyu ataitwa kuishauri serikali kuhusu mikataba na zabuni, na neno lake litaaminiwa kwa sababu linatoka chuoni.

Tumwahidi vifaa gani?

Ahadi ya vifaa ndiyo inayovunja ajira nyingi zaidi za aina hii, na kwa hiyo tunaliweka wazi jambo lililotupata. Katika chuo kimoja tulichokitumikia, tulimwahidi profesa wa jiokemia kifaa cha kuchoma sampuli za mwamba chanzo kwa joto linalopanda taratibu, ili kupima kiasi cha mafuta ambacho mwamba unaweza kuzalisha. Ahadi ilitolewa kwa mdomo, kwa nia njema kabisa. Alipofika, ilibainika kwamba hakuna fungu lililotengwa, na kwamba hata chumba kilichokusudiwa hakikuwa na umeme wa kutegemewa. Alingoja, akaandika barua, akangoja tena. Katika mwaka wake wa pili alihamia kwingine pamoja na wanafunzi wake wawili bora, na hatukuwa na neno la kumlaumu. Nafasi ile ilibaki wazi kwa muda mrefu kuliko alivyoishika.

Tangu hapo tunasisitiza kwamba barua ya ajira iwe na kiambatisho kinachotaja kila kifaa, fungu litakakotoka fedha zake, chumba kitakapowekwa, fundi atakayekihudumia na tarehe. Kiseme pia ni programu zipi za kuchakata data za mitetemo ambazo chuo kina leseni zake, na hadi lini. Kampuni za programu hutoa leseni kwa vyuo kwa masharti nafuu, lakini leseni hizo huisha muda, na kompyuta za kuziendesha ni ghali. Pasipo na leseni, programu huria ya OpendTect itasaidia kuanza. Kisiachwe kamwe kifungu cha safari za uwandani. Mwanafunzi ambaye hajawahi kusimama mbele ya genge la miamba ataichora mitego kwenye skrini kama anayechora ramani ya nchi asiyowahi kufika.

Tutashindanaje na mishahara ya kampuni za mafuta?

Hamtashindana nayo, na msijaribu. Anayekuja chuoni anafuata uhuru wa kuchagua swali lake, wanafunzi, na kazi isiyofutwa kwa sababu ya bei ya robo mwaka. Mpeni muda wa utafiti ulioandikwa kwenye mkataba, kibali cha siku kadhaa za ushauri kwa mwaka chini ya kanuni zilizo wazi, na msimpakie ukuu wa idara katika miaka yake miwili ya kwanza. Mwulizeni mapema kuhusu kazi ya mwenzi wake na shule za watoto, si kwa ajili ya kumpima bali baada ya kumchagua, kwa kuwa waombaji wengi hukataa barua ya ajira kwa sababu hizo na huona haya kuzitaja.

Mchakato mzima huchukua muda gani?

Mwaka mzima ni makisio ya busara, kuanzia siku kamati inapokubaliana juu ya tawi la fani hadi siku profesa anapoingia darasani. Mtu wa ngazi hii ana wanafunzi asioweza kuwaacha katikati, na anayewaacha bila kujali atawaacha na wenu. Ratiba ya masomo ipangwe bila kumtegemea katika muhula wake wa kwanza.

Itakuwaje kama hakuna mwombaji anayefaa?

Semeni hivyo kwa maandishi, wajulisheni waombaji wote ndani ya wiki mbili, na msimchukue aliyekaribia kufaa kwa kuogopa fungu la mshahara kurudi hazina ya chuo. Ombeni fungu lihifadhiwe kwa mwaka mmoja, mwalikeni profesa mgeni afundishe kozi zisizoweza kungoja, na mpitie tangazo upya mkiwa na maombi yaliyokuja mezani, kwani yataonyesha ni nani aliyejiona ndani ya maneno yenu na ni nani aliyeyapita. Mara nyingi kasoro hukutwa kwenye tangazo. Na kama ndani ya idara yupo mhadhiri mwandamizi ambaye angefaa baada ya miaka mitatu, aambiwe sasa, kwa majina ya mambo yanayopungua, na apewe muda na fedha za kuyatimiza.